Mzigo Unaohama: Godoro, Kitanda cha Kuinuka na Swali la Wajibu

Kitanda cha kuinuka ni kile ambacho fremu yake imekatwa vipande vitatu au vinne na kuunganishwa kwa bawaba, ili upande wa mgongo na upande wa magoti upandishwe na kushushwa mgonjwa akiwa juu yake. Katika wodi nyingi za Tanzania kinapandishwa kwa kuzungusha hendeli iliyo miguuni. Historia yake si ndefu. Mwaka 1900 daktari mpasuaji George Fowler wa New York alieleza faida ya kumwegemeza mgonjwa mwenye usaha tumboni badala ya kumlaza chali, na miaka michache baadaye Willis Gatch, naye mpasuaji wa Marekani, akatengeneza kitanda chenye bawaba ili mkao huo uwezekane bila kurundika mito.

Taabu ya kitanda hiki ni godoro. Fremu imekatwa, godoro halikukatwa. Chaga zinapokunjika, godoro nalo hukunjika, lakini kwa kuwa lina unene, upande wake wa juu hubanwa na urefu uliozidi hutafuta pa kwenda. Kwa hesabu ya kawaida, godoro la inchi 6 likikunjwa kwa nyuzi 45 hubaki na ziada ya karibu sentimeta 6. Ziada hiyo ingeweza kutokea mchagoni, ila uzito wa mgonjwa huisukuma miguuni. Kitanda kikishushwa, godoro halirudi lote lilikotoka. Kikipandishwa asubuhi kwa uji, mchana kwa ugali na jioni kwa dawa, mchagoni hubaki chaga tupu na kichwa cha mgonjwa huwa kimeshuka hadi pale palipokusudiwa mabega. Ganda la reksini, linalopendwa wodini kwa sababu linafutika, huzidisha utelezi juu ya chuma kilichopakwa rangi.

Nguvu inayofanya kazi hapo si ndogo. Mgongo ukiinuliwa nyuzi 30 tu, nusu ya uzito ulioegemea mteremko huo huvuta kuelekea chini. Kwa mtu wa kilo 70, kichwa, mikono na kiwiliwili kwa pamoja huvuta kwa zaidi ya kilo 20, kama ndoo ya maji iliyojaa ambayo haitui usiku wala mchana.

Njia za kulizuia godoro zinajulikana na nyingi ni rahisi: kizuizi cha chuma miguuni, vyuma vya pembe nne, utepe wa kunata, mikanda inayopita chini ya chaga. Mahali pasipo na vifaa hivyo, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vikitandazwa kati ya chaga na godoro, hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo, kwa kuwa mpira na chuma havitelezani kirahisi. Anayetaka godoro tu litulie anaweza kuishia hapo.

Lakini godoro likishatulia, nguvu ile haijaondoka. Imepanda tabaka moja. Shuka sasa ndiyo inayoteleza juu ya godoro. Shuka ikikunjwa pembe na kubanwa vizuri chini ya godoro, kama wanafunzi wa uuguzi wanavyofundishwa, mgonjwa ndiye anayeteleza juu ya shuka. Na mgonjwa akizuiwa, kwa jasho linalonatisha ngozi au kwa shuka ngumu, ngozi hubaki ilipo na mifupa ndiyo inayoshuka ndani yake. Ngozi inavutwa huku na mfupa kule, mishipa midogo ya damu iliyo katikati inapindika na kufungwa, na juu ya mfupa wa makalio panaanza wekundu, au weusi uliokolea kwa ngozi nyeusi, ambao usiposhughulikiwa huwa kidonda cha kitandani. Kila kizuizi kilichowekwa chini kimeupandisha mzigo, hadi umefika mahali ambapo hakuna tena cha kuteleza isipokuwa mwili wenyewe.

Swali linalozaliwa hapo ni la maadili. Ikiwa mzigo hauondolewi bali unahamishwa, nani anapaswa kuubeba, na nani mwenye haki ya kuamua uhamie wapi?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna wa kulaumiwa. Vitu vizito hushuka, ndivyo vilivyoumbwa. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilichambuliwa zamani kwa mfano wa kitanda chenyewe. Katika kitabu cha pili cha Fizikia, Aristotle anautaja mfano wa Antiphon: kitanda cha mbao kikifukiwa, kikaoza na kuchipua, kitakachochipua si kitanda kingine bali mti. Aristotle hakukubaliana na Antiphon kwamba maumbile ya kitu ni malighafi yake tu, lakini mfano aliuona unafaa. Kitanda, kwa kuwa ni kitanda, hakina ndani yake msukumo wa kubaki kitanda. Ubao una tabia yake, chuma kina tabia yake, na sponji vilevile; mpangilio unaovifanya viwe mahali pa kulala umetoka kwa mtu, na unadumu maadamu mtu anaudumisha. (Plato naye, katika Jamhuri, alishughulika na kitanda cha seremala na kitanda cha mchoraji. Wote wawili hawakumtaja anayekitandika kila asubuhi.)

Ikiwa ni hivyo, kushuka kwa godoro ni maumbile, lakini godoro kuachwa lilikoshukia si maumbile. Tofauti hii ina uzito katika mazungumzo ya dini kando ya kitanda. Familia iliyofiwa husema ni mapenzi ya Mungu, na maneno hayo yana haki yake pale ambapo ugonjwa umezidi nguvu za watu. Kidonda cha kitandani kiko mahali pengine. Hakikuletwa na ugonjwa peke yake, wala kwa kawaida hakuna aliyekusudia kumuumiza mgonjwa. Nguvu iliyokifanya ni ya uumbaji, mpangilio ulioielekeza nguvu hiyo kwenye ngozi ni wa wanadamu. Kumtwika Mungu sehemu ya pili ni kuuhamisha mzigo kwa mara nyingine, safari hii kwa Asiyeweza kuulizwa na zamu ya usiku.

Maandiko yenyewe yanalijua swali hili la mizigo, na hayalijibu kwa mkato. Katika sura ya 6 ya Waraka kwa Wagalatia, Mtume Paulo anawaagiza waumini wabebeane mizigo, kisha mistari mitatu mbele anasema kila mmoja atabeba wake. Wengi wameyaona maneno hayo kuwa yanapingana. Ufafanuzi wenye nguvu zaidi ni ule unaotenganisha mzigo wa kujibu, yaani matendo ambayo mtu atayatolea hesabu mwenyewe, na mzigo wa kulemewa, ambao unamponda mtu akiachwa peke yake. Kurani ina mvutano wa aina hiyo. Sura ya 35, aya ya 18, inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, hata akiwa jamaa wa karibu. Lakini hapo inazungumzwa dhambi na Siku ya Hukumu, si kumgeuza mgonjwa ubavu. Na mwisho wa sura ya 2 inaelezwa kwamba Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Mizani hiyo ikitumika wodini, maumivu ya ugonjwa ni ya mgonjwa, na hakuna awezaye kuyapokea kwa niaba yake. Kilo 20 zinazomvuta kuelekea miguuni si zake. Hizo zinaweza kupokelewa na mtu mwingine, au na kitu.

Ilula ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Ni mji mdogo wa wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro na Dar es Salaam, unaojulikana na wasafiri kwa nyanya na vitunguu vinavyouzwa kando ya lami. Hospitali yake ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Iringa, na ina chuo cha uuguzi. Kama ilivyo katika hospitali nyingi nchini, mgonjwa huuguzwa na watu wa aina mbili: wauguzi wenye zamu, na ndugu waliokuja na kapu la chakula, kanga na mkeka. Aliyevunjika nyonga au aliyepooza upande mmoja hutegemea wote wawili, na ni katikati yao ambapo mzigo hupotea. Muuguzi aliyepandisha mgongo wa kitanda anajua ndugu yupo. Ndugu anajua kitanda ni mali ya hospitali na anaogopa kugusa hendeli. Kila mmoja amefanya sehemu yake kwa uaminifu, na godoro limeshuka.

Mafundisho ya Kilutheri yana neno la kusema hapa. Martin Luther alishikilia kwamba matendo mema hayamnunulii mtu wokovu. Mungu hayahitaji, jirani ndiye anayeyahitaji. Katika maandishi yake ya mwaka 1522 juu ya ndoa alitoa mfano wa baba anayefua nepi za mtoto na kuchekwa na watu, akasema kazi hiyo ikifanywa kwa imani inampendeza Mungu. Fundisho hilo limetumika sana kuwatia moyo wafanya kazi za chini, na wakati mwingine limetumika vibaya, kuwafanya waridhike na kazi ambayo kifaa cha bei ndogo kingewapunguzia. Lakini mantiki ya Luther inaelekea upande mwingine. Ikiwa tendo halina thawabu ya kununua, basi hakuna faida ya kiroho katika kulivuta godoro juu mara nne kwa siku wakati vipande viwili vya mpira vingelizuia. Jasho la muuguzi halimponyi mgonjwa. Mafundisho ya Kiislamu yanayotukuza amali ndogo inayodumu kuliko kubwa inayokatika nayo hayatukuzi usumbufu, yanatukuza kudumu.

Zipo hoja za kuutilia shaka mpira huo, na moja ni nzito: kizuizi kikishawekwa, mtu huacha kutazama. Godoro linaloteleza linaonekana hata na anayepita mlangoni. Ngozi inayovutwa chini ya shuka iliyonyooka haionekani. Kwa sababu hiyo utaratibu ulio bora hauanzi na kuzuia. Unaanza na kupunguza sababu ya kuteleza. Muuguzi aliyefunzwa hupandisha sehemu ya magoti kwanza, kidogo tu, kisha ndipo anazungusha hendeli ya mgongo. Mapaja yakiwa na mteremko wa kuelekea juu, kiwiliwili hakina pa kukimbilia. “Shikamoo bibi, nainua magoti kwanza, halafu mgongo, ukisikia unavutwa niambie.” Baada ya kupandisha, mgonjwa husogezwa mbele kidogo, mgongo wake uachane na shuka kwa nukta chache, kisha huegemezwa tena, ili ngozi iliyokuwa imevutika irudi mahali pake. Chakula kikiisha, mgongo hushushwa hadi nyuzi 30 au chini zaidi, daktari akiruhusu. Mpira na mkanda huja baada ya hayo.

Katika hatua hizo, ile ya kumwambia bibi aseme anapovutwa ndiyo inayogusa nusu ya pili ya swali, yaani haki ya kuamua. Wahandisi huamua pembe za bawaba, hospitali huamua unene wa godoro, muuguzi huamua saa ya kupandisha. Mgonjwa, ambaye mwili wake ndio kituo cha mwisho cha nguvu zote hizo, kwa kawaida haulizwi. Wazee wengi wa nyanda za juu hawalalamiki mbele ya mtu aliyevaa sare. Watasema wako salama, na adabu hiyo husomwa kama afya. Ndiyo maana kuuliza mara moja hakutoshi. Walio hoi kiasi cha kutoweza kusema wanahitaji mtu wa kuwatazama ngozi, na hapo wajibu haugawanyiki tena: jina la mmoja liandikwe kwenye karatasi ya zamu.

Nyumbani mambo hubadilika sura. Wagonjwa wengi wa muda mrefu wa Ilula na vijiji vyake wanauguzwa kwenye vitanda vya mbao visivyoinuka. Njia ya zamani, iliyotumika pia Ulaya kabla ya kitanda cha Gatch, ni kupindua kiti na kukisukuma chini ya godoro upande wa mchagoni, mgongo wa kiti ukifanya mteremko. Godoro hapo nalo hushuka. Huzuiwa na blanketi lililoviringishwa chini ya magoti, ncha zake zikiwa zimefungwa kwa kanga kwenye mbao za ubavuni. Ni ufundi mzuri, ila una gharama yake: blanketi hilo hubana mishipa ya nyuma ya magoti, na damu isiyotembea huganda. Inabidi liondolewe kila baada ya saa moja au mbili, miguu ikunjuliwe na kukunjwa, kisha lirudishwe.

Kazi hiyo, mchana na usiku, kwa miezi, inamzidi mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo mmoja ni binti au mkwe ambaye pia analima na kupika. Paulo hakuwaandikia Wagalatia kama mtu mmojammoja. Barua ilikwenda kwa makanisa. Jumuiya inayokusanyika kusali kwenye nyumba ya mgonjwa kila wiki ina watu wa kutosha kupanga zamu za usiku, na zamu hizo zinahitaji kupangwa kwa saa na kwa majina, pamoja na mtu wa kumwonyesha kila mgeni namna kanga inavyofungwa na mahali pa kutazama ngozi kabla ya kukipokea kitanda.