Chozi la Mwigizaji na Mizani ya Hakimu

Huko Kirua Vunjo, katika miteremko ya Kilimanjaro, mpaka wa shamba na shamba huoteshwa mmea wa majani marefu uitwao isale. Mmea huohuo una kazi nyingine iliyo nzito zaidi. Kwa mila ya Wachagga, aliyemkosea mwenziwe, akitaka radhi, humpelekea jani la isale, na si jambo jepesi kwa aliyekosewa kulikataa. Jani halichunguzi kama machozi ya mwombaji yametoka moyoni au machoni tu. Linamtaka akiri kosa mbele ya watu, kisha mwenendo wake ndio utakaomshuhudia.

Mila hiyo inafaa kukumbukwa katika swali lililowagawa Watanzania kwa miaka kadhaa: je, mtu ambaye kazi yake ni kuigiza asadikiwe vipi anaposimama kizimbani?

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, Steven Kanumba, nyota wa filamu aliyekuwa na umri wa miaka 28, alifariki dunia nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Aliyekuwa naye ni mwigizaji mwenziwe, Elizabeth Michael, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lulu. Wote wawili walipitia kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilionyeshwa katika televisheni ya ITV. Lulu alishitakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia. Baadaye shitaka likawa la kuua bila kukusudia, na mwezi Januari 2013 akapata dhamana. Tarehe 13 Novemba 2017, Jaji Sam Rumanyika wa Mahakama Kuu alimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka 2. Mwezi Mei 2018 alitoka gerezani kumalizia adhabu yake kwa kifungo cha nje.

Palipokuwa na televisheni, bara na visiwani, palikuwa na mahakama nyingine. Wapo waliosema kuwa machozi yake ni yaleyale waliyoyaona katika filamu, basi hayana thamani. Wapo waliosema kuwa adhabu ni ndogo kwa sababu mshitakiwa ni nyota. Wengine walimhurumia kwa sababu walimjua tangu utoto wake katika michezo. Makundi haya yalipingana, lakini kosa lao lilikuwa moja: yote yaliamua kwa jicho la mtazamaji.

Mpenzi wa ushairi anapaswa kuwa wa kwanza kulitambua kosa hilo. Malenga anaposema “mimi” katika shairi la mahaba, msomaji mwerevu hamwendei mkewe kumpa pole. Anajua kuwa sauti ya shairi ni vazi. Kwa nini basi mwigizaji anyimwe haki hiyo, avuliwe vazi la mchezo jukwaani na kuvishwa tena kizimbani?

Hata hivyo, jambo hili halimhusu nyota peke yake. Sheria humruhusu hakimu kumtazama shahidi anavyosema, na si masikio tu yanayosikiliza. Sasa achukuliwe mkulima wa Kirua Vunjo, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kivunjo, aliyeshitakiwa baada ya ugomvi wa kilabuni uliomalizika kwa kifo. Anasimama Moshi mbele ya majoho, hana kamera wala mashabiki. Anasitasita, anatazama chini kama alivyofundishwa kuwatazama wakubwa. Adabu yake yaweza kudhaniwa hatia. Mwigizaji hutiliwa shaka kwa kuwa anajua kusema. Mkulima hutiliwa shaka kwa kuwa hajui. Nyumba njema si mlango, na uso ni mlango tu.

Kuua bila kukusudia ni kosa ambalo adhabu yake, kwa sheria ya Tanzania, yaweza kufika kifungo cha maisha. Baina ya miaka 2 na maisha pana uwanja mpana mno, na humo ndimo haki hupimwa. Swali la haki, basi, halihusu tu kama Lulu alipata kidogo au kingi. Linauliza kama mkulima yule, kwa tendo kama lile na ushahidi kama ule, angepimwa kwa jiwe lilelile la mizani.

Isale haliwezi kuchukua nafasi ya mahakama. Jani hupelekwa na aliyekiri, ilhali mahakama huanza na anayekana, na mama aliyefiwa hadai mchezo wenye mwisho mwema bali ukweli. Lakini jani lina funzo kwa jaji na kwa mtazamaji. Machozi hayathibitishi hatia wala hayaifuti. Kinachopimwa ni tendo, ushahidi, na kile ambacho mtu yu tayari kukitoa ili kuuponya mpaka alioubomoa.