MLANGO UKO WAZI, MBONA TUNGALI TUMEFUNGWA?

Masomo: Yoane 8:31-36; Yoane 9:1-7; Wagalatia 5:1-15



Wayahudi walipomsikia Yesu akisema kwamba kweli itawaweka huru, walichukizwa. Walijibu kwamba wao ni uzao wa Abrahamu na hawajawa watumwa wa mtu. Lakini siku ile ile askari wa Roma walikuwa wakitembea katika njia za Yerusalemu! Mfungwa mgumu kufunguliwa ni yule asiyejua kwamba amefungwa.

Sisi pia tunasema tuko huru. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini bendera hupandishwa juu ya mlingoti, haipandishwi ndani ya moyo. Kuna uhuru mwingine, ambao serikali haiwezi kuutoa wala kuunyang'anya.

Tumwangalie Baba Simon Kimbangu. Tarehe 6 mwezi wa nne 1921 alianza kazi ya Bwana pale Nkamba. Aliwaambia watu waache fetishi, waache mitala, wamfuate Kristo. Wengi waliacha kazi zao wakaenda kumsikiliza, na wakubwa wa koloni wakaogopa. Mwezi wa sita walikwenda kumkamata, akawaponyoka. Mwezi wa tisa alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa mikononi mwao. Huko Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, baraza la kijeshi lilimhukumu fimbo 120 na kifo, naye hakuwa na wakili. Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta huku kwetu Katanga, mbali sana na jamaa yake, na humu Élisabethville, Lubumbashi ya leo, akafa tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Miaka 30 ndani ya kuta!

Sasa tuulize: mwaka ule wa 1921, nani alikuwa amefungwa? Waliokuwa na bunduki, baraza na gereza walikuwa wakimwogopa katekista mmoja asiye na silaha. Yeye, mwenye minyororo, hakuwaogopa. Mtu anayekwenda kwa miguu yake mahali atakapokamatwa, huyo amekwisha kufunguliwa na Mwingine. Ndiyo maana Paulo na Sila waliimba usiku gerezani Filipi, hata kabla ya milango kufunguka.

Wapendwa, sisi hatuna minyororo miguuni. Lakini tunapotembelea nyumba za waaminifu, tunaona mambo. Siku ya Mungu tunavua viatu, tunaingia hekaluni, tunaimba kwa sauti nzuri. Siku ya pili kazi inapotea, au mtoto anashikwa na homa, na usiku tunabisha kwa mfumu. Kamba inafungwa kiunoni mwa mtoto. Dawa inazikwa chini ya mlango. Na mwenye hofu hamalizi kulipa: leo kuku, kesho feza, kesho kutwa jina la mtu. Hapo ndipo hofu inapozaa mauti, kwa maana yule mtu anayetajwa mara nyingi ni mdogo wa nyumba asiye na wa kumtetea: yatima aliyeachwa na ndugu yetu, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mkaidi, au bibi mzee mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka mingi. Wanamwita mulozi. Wanamnyima chakula, wanampiga, wanamfukuza lupango. Mwisho analala sokoni.

Hatusemi kwamba ubaya haupo. Shetani yupo, na chuki ya watu ipo. Tunasema kwamba Kristo amemshinda, na aliyeshindwa hapaswi kulipwa kodi. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Yesu alikataa kumtafuta mkosaji. Alitema mate, akafanya tope, akampaka macho, akamtuma kunawa. Mfumu anauliza: nani amefanya hivi? Bwana anauliza: tumfanyie nini huyu apone? Ukisikia swali la kwanza, hata likitoka kinywani mwa anayejiita mchungaji, ujue kwamba siyo sauti ya Mchungaji mwema.

Hata sheria ya nchi imesema. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Je, Kanisa lingoje polisi walifundishe upendo?

Basi tufanye nini? Waaminifu wa Efeso walileta vitabu vyao vya uganga, wakavichoma mbele ya watu wote, ingawa bei yake ilikuwa vipande 50,000 vya feza. Hawakuficha kimoja kwa ajili ya siku mbaya. Nasi tutoe kile kilichofichwa. Mgonjwa tumwombee, tena tumpeleke hospitali, kwa maana hata uwezo wa daktari umetoka kwa Mungu. Jioni baba, mama na watoto wapige magoti pamoja, na yule mtoto anayeogopwa awekwe katikati, asiachwe nje.

Paulo anawaonya Wagalatia kwamba uhuru si ruhusa ya kufuata mwili, bali ni wa kutumikiana kwa upendo. Ndiyo maana tumefundishwa upendo, amri na matendo. Upendo usio na matendo ni wimbo tu.

Kwa hiyo tunasema wazi na kila nyumba iliyomfukuza mtoto au mzee: mwendeeni. Msingoje yeye arudi. Tarehe 12 mwezi wa kumi tunakumbuka mtu aliyekufa mbali na nyumba yake kwa hukumu isiyo ya haki. Tutaikumbukaje siku hiyo, ikiwa mtoto wetu naye yuko mbali na nyumba kwa hukumu yetu? Mashemasi wako tayari kufuatana nanyi, hata usiku.

Bwana Yesu avunje hofu ndani yetu, na atupe moyo wa kufungua mlango. Amina.