Mtoto Naye Ana Msiba

Katika kilio cha Goma, mtu wa mwisho kuambiwa ni mtoto. Turubai inafungwa barabarani, viti vya plastiki vinakodishwa, kwaya inapokezana na wanawake wa shirika la parokia, daftari la michango linazunguka. Mtoto wa marehemu yuko kwa jirani, ameketishwa mbele ya televisheni. Akiuliza, anaambiwa papa, yaani baba yake, amesafiri. Akiuliza tena, anaambiwa Mungu alimpenda papa kuliko sisi. Akirudia mara ya tatu anaambiwa anyamaze, asije akamliza mama.

Mimi ni katekista wa mtaa wa Majengo. Ninawaandaa watoto kwa komunio ya kwanza, na kazi hiyo imenikalisha kwenye vilio kuliko kwenye arusi. Sina shahada ya saikolojia, kwa hiyo nitabaki kwenye uwanja wangu, yaani dini. Swali linalonisumbua ni hili: tumepata wapi ruhusa ya kumfariji mtoto kwa kumsingizia Mungu?

Mtoto wa mji huu hahitaji kufundishwa kwamba watu hufa. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Ikalipuka tena Mei 2021. Novemba 2019 ndege ndogo iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wakimbizi upande wa Lac Vert na Mugunga. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, na baadaye wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu wakazika watu ambao wengine hawakujulikana hata majina. Jina la mauti watoto wetu wanalijua. Wanachonyimwa ni mtu mzima atakayekaa nao na kulitamka.

Chukua tarehe 3 Oktoba 2024. Barabara ya kwenda Minova ilikuwa imekatwa na vita, na watu wakawa wanapita ziwani. Boti MV Merdi, iliyotoka upande wa Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa ufukweni wakitazama. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba ilibeba watu 278 na kwamba waliokufa hawapungui 78. Familia zilihangaika mochwari zikitafuta watu wao, na si kila mmoja alipata mwili wa kuzika.

Kati ya watoto wangu wa katekesi alikuwepo msichana wa miaka tisa ambaye mama yake alikuwa amekwenda Minova kununua maharagwe, akawa ndani ya boti ile. Mama mdogo wake alimweleza kwamba Mungu alimpenda sana mama, ndiyo maana akamchukua. Majuma yalipita. Siku moja tulikuwa kwenye sala za maombi, kila mtoto akisema ombi lake: mmoja amani, mwingine karo ya shule, mwingine bibi yake apone. Zamu ya msichana ilipofika akasema, "Mungu, usimpende mdogo wangu." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amelielewa vizuri kabisa somo alilopewa.

Ukiipima kauli ya yule mama mdogo, inamfanya Mungu mnyang'anyi anayezunguka mitaani akichagua wazuri. Tena ina ubaya wa pili, ambao hatuuoni kwa haraka. Ukimwambia mtoto kwamba Mungu ndiye aliyemtaka mama yake, umewafutia deni aliyepakia ile boti, aliyeiacha iondoke, na waliofunga barabara kwa bunduki. Dhambi ya watu inavishwa kanzu ya Mungu, halafu mtoto anaambiwa apige magoti mbele yake.

Biblia yenyewe haikutufundisha hivyo. Rafiki zake Ayubu walipofika walimkuta ameketi majivuni, nao wakakaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Hilo ndilo jambo jema pekee walilofanya. Walipofungua vinywa kueleza sababu za msiba wake ndipo walipoanza kumuumiza, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao walioeleza, anamtetea Ayubu aliyelalamika. Yesu naye, akielekea kaburi la Lazaro, alijua kwamba rafiki yake atatoka baada ya muda mfupi. Pamoja na hayo alilia. Jirani zangu Waislamu wa Birere wananikumbusha kwamba Mtume Muhammad alilia mbele za watu mwanawe Ibrahimu alipokuwa anakata roho. Waliposhangaa, aliwajibu kwamba machozi yale ni rehema.

Kuna kisa kingine ambacho ningependa kila mwenye kuhubiri kilioni akisome. Mwaka 387, huko Ostia, alifariki Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika mzaliwa wa Thagaste. Mjukuu wake Adeodato, kijana wa miaka kama kumi na mitano, aliangua kilio kwa sauti. Wakubwa wote wakamnyamazisha, akanyamaza. Augustino anaeleza kwamba waliona haifai kumlilia mtu aliyekufa katika imani. Naye alijibana, akawa anaongea na wageni kama mtu asiye na maumivu, ila moyoni anaumia mara mbili: kwa msiba, na kwa aibu ya kuumia. Baadaye, alipokuwa peke yake mbele za Mungu, machozi yalimtoka, na alipokuwa askofu aliyakiri kwa maandishi bila kuyaonea haya. Mwanatheolojia mkubwa kuliko wote wa Kanisa la Magharibi ilibidi afike mahali ambapo yule kijana alikuwa ameshafika tangu dakika ya kwanza.

Padri mmoja, rafiki yangu, hakubaliani nami. Anasema, "Katekista, ufufuko ndiyo hazina yetu. Ukimwachia mtoto machozi tu, umempa nini ambacho mpagani hana?" Hoja yake ni nzito na siipuuzi. Lakini Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza huzuni. Aliwakataza huzuni ya watu wasio na tumaini. Tumaini ni ahadi ya yatakayokuja, si maelezo ya kwa nini mama amekufa Alhamisi ile. Mtoto akishaambiwa ukweli na akalia mbele ya mtu asiyekimbia, ahadi ya ufufuko inapata pa kukaa. Ikitangulizwa ili kumziba mdomo, ataisikia kama amri ya kunyamaza.

Wapo wanaoifanya kazi hii kwa utaalamu. Tuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, cha mabruda wa Frères de la Charité. Tunao wahudumu wa kisaikolojia na kijamii, wale tunaowaita APS, waliokuwa wakikaa na watoto kwenye nafasi za kuchezea ndani ya kambi. Zipo familia zinazojitolea kumpokea mtoto aliyepotezana na wazazi mpaka ndugu zake wapatikane. Nilimwona APS mmoja ameketi mkekani na watoto, amewagawia kalamu za rangi, hamhoji yeyote. Mvulana alichora nyumba na watu wanne mlangoni. Akauliza kama inaruhusiwa kumchora na wa tano, aliyekufa. APS akamjibu, "Ni familia yako, wewe ndiye unayeijua." Mvulana akamchora wa tano, mkubwa kuliko wote. Katika mahubiri mengi ya kilio sijasikia theolojia ya ushirika wa watakatifu iliyo safi kama ile.

Tangu Januari 2025 kazi hiyo imebanwa kila upande. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, na mwezi huohuo serikali ya Marekani ikasimamisha misaada iliyokuwa ikilipia sehemu kubwa ya huduma hizi. Mradi una tarehe ya kufa. Huzuni ya mtoto haina. Mtoto analia kidogo, anakwenda kucheza mpira, na wakubwa wanasema amesahau. Hajasahau. Anaubeba msiba kwa awamu, kwa kadiri ya nguvu zake, na utamrudia siku ya komunio, siku ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, siku atakapofikia umri aliokuwa nao papa. Siku hizo APS wa mradi hatakuwepo. Katekista, mwalimu na mama wa shirika watakuwepo.

Kisha kuna mambo yanayofuata kilio, ambayo hatupendi kuyaita kwa jina. Wajomba na mashangazi wanakaa kikao, na watoto wanagawanywa kama masufuria: mkubwa Sake, wa kati Kyeshero, mdogo kwa bibi. Godoro na mashine ya kushonea vinaondoka mchana kweupe. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, waliozaliwa ndani ya ndoa na wa nje waliotambuliwa na baba. Mhubiri anayewaombea yatima Jumamosi, na Jumapili akanyamaza wanapoporwa, amewapora pia. Na mtoto aliyempoteza baba, kisha akatenganishwa na ndugu zake wa tumbo moja, amefiwa mara mbili ndani ya juma moja.

Waliofiwa wasio na kaburi la kuliendea wana taabu yao. Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1999 kitabu kizima kuhusu kupoteza mtu bila uhakika, na wenye watu wao ziwani wanaijua hali hiyo bila kukisoma: kila mlango ukigongwa, moyo unaruka. Waislamu wanayo swala ya ghaibu kwa maiti asiyekuwepo, ingawa madhehebu hayakubaliani yote kuhusu hukumu yake. Inasimuliwa kwamba Mtume alimswalia hivyo Najashi, mfalme wa Habeshi. Sisi Wakatoliki tunayo tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Katika kundi langu kila mtoto hutamka siku hiyo jina la mtu wake kwa sauti, awe alizikwa au hakuzikwa. Yule msichana alilitaja la mama yake. Halafu akauliza kama mama alipokufa maji yalikuwa baridi. Nilimjibu kwamba sijui. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wazazi, makatekista, wachungaji, maimamu na walimu wa Goma, ninawaomba haya. Mtoto aambiwe kwamba mtu wake amekufa, kwa neno hilohilo, na aambiwe na mtu anayempenda kabla hajalisikia barabarani. Akae kilioni, karibu na mama yake. Akiuliza swali lisilo na jibu, mwambieni hamjui. Mungu hatapungukiwa na kitu. Ndugu wa tumbo moja msiwatawanye. Na viti vikisharudishwa kwa mwenyewe, rudini: mwezi wa tatu, mwaka wa pili, siku ya komunio. Imani isiyoweza kukaa chini na mtoto anayelia haina la kumwambia akishanyamaza.