Ukimpa Usukani, Lala



Huko Marekani kuna mashindano yanaitwa One Lap of America, yaliyoanzishwa mwaka 1984 na mwandishi Brock Yates. Watu wa kawaida, wenye kazi zao, wanapeleka magari yao kwenye viwanja vya mbio. Leo wanashindana hapa. Wakimaliza wanapakia mizigo na kusafiri kwa gari lile lile, matairi yale yale, pengine usiku kucha, hadi kiwanja kingine. Asubuhi, mbio tena! Siku baada ya siku.

Sasa niambie, mtu mmoja ataweza? Ndiyo maana wengi huenda wawili. Mmoja akiendesha, mwenzake analala. Na shida iko hapo. Kuna mtu atakupa usukani lakini halali ng'o. Anakanyaga breki ambayo haipo. "Punguza! Angalia lori!" Kukipambazuka wote wawili wamechoka, na zamu yake uwanjani imefika.

Soma Kutoka 18. Yethro alimkuta Musa akiamua kesi tangu asubuhi hadi jioni, akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu pia. Musa akachagua wasaidizi, kesi ndogo wakaziamua wenyewe. Sioni mahali Musa alizunguka mahemani kuwachunguza.

Lakini mimi mchungaji wenu, nilimwachia ndugu mmoja kesha ya Ijumaa, halafu saa nane usiku nikampigia simu kuuliza kama maombi yameanza. Akajibu kwa upole, "Pasta, kwani hujalala?"

Ijumaa hii kesha ni yake tena. Simu nitampa Mama aifiche.