Je, Nepi Yaweza Kuwa Sadaka?

Baadhi ya ndugu zetu wa darsa walipoleta shauri la kukusanya nepi, yaani mawinda ya watoto wachanga, zipelekwe kwa familia zenye dhiki huko Bumula katika Kaunti ya Bungoma, wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Waliocheka hatuna maneno nao. Waliokasirika wametuuliza suala, na mwenye kuuliza astahiki jawabu: Je, yafaa mali itolewayo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu itumike katika kitu kitakachopokea najisi kisha kitupwe, hali ya kuwa madrasa zataka mabati na misikiti yataka mikeka?

Twasema: suala hili limejengwa juu ya dhana kwamba sadaka hupimwa kwa uzuri wa kitu kinachotolewa. Sivyo. Hupimwa kwa haja ya anayepewa. Bati la msikiti huonekana na kila apitaye njiani, na jina la aliyelitoa hutajwa. Nepi haionekani na mtu ila mama na mwanawe. Yamkini hiyo ndiyo sababu ya sisi kuwa wepesi wa kutoa bati.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Ummu Kays binti Mihsan alimleta kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, mwanawe mdogo ambaye hajaanza kula chakula. Mtume akampakata, na mtoto akamkojolea nguoni. Akaagiza maji, akanyunyizia mahali pale, wala hakuifua nguo. Kutokana na kisa hicho, na vilivyo mfano wake, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wametoa hukumu ya mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na asiyekula ila maziwa, kuwa watosha kunyunyiziwa maji, na wa mtoto wa kike huoshwa. Sharia haikuona haya kulizungumza jambo hili. Sisi twaonaje haya kuligharimia?

Wasomaji wetu wa pwani wengi hawajafika Bumula. Ni nchi ya mashamba, kusini-magharibi ya mji wa Bungoma, si mbali na Mumias, ambako misafara ya wafanyabiashara wa kwetu ilikuwa ikifika zama za Nabongo Mumia. Watu wake wengi ni Wabukusu, nao hulima mahindi na miwa. Miwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na baada ya kukatwa malipo nayo hungojwa. Kiwanda cha Mumias kilipowekwa chini ya msimamizi wa wadai mwaka 2019, wakulima wengi wa pande zile walikuwa bado wadai haki yao. Basi utamkuta mtu ana shamba, pengine na ng'ombe, na mgeni apitaye amdhania kuwa ni mtu wa kujiweza, kumbe shilingi mkononi hana. Mboga ataichuma shambani, na mahindi yamo ghalani; lakini nepi haioti. Yataka fedha taslimu, tena kila siku, na anunuaye moja moja dukani hulipa zaidi ya yule awezaye kununua pakiti nzima. Hata Marekani, pamoja na utajiri wake, msaada wa serikali wa kununulia chakula hauruhusiwi kununulia nepi, na mwaka 2011 uliundwa huko mtandao wa nchi nzima wa vyama vinavyozikusanya.

Mtume ametufundisha kwamba maskini hasa si yule azungukaye akipewa tonge moja na mbili, bali ni yule asiyejitosheleza, wala hatambulikani akapewa, wala hasimami akaomba. Nasi twaona kwamba jambo la nepi ndilo jambo lisiloombwa. Mtu huomba unga. Nani amemsikia mama amesimama mlangoni akaomba winda? Atamwacha mtoto na lililolowa mpaka ngozi iwe nyekundu, au atajifungia nyumbani asiende sokoni wala penye watu. Na mama wa Kiislamu huongezewa dhiki ya nguo ya kuswalia.

Na hapa ndipo penye hofu yetu. Siku hizi msaada hautoki bila picha. Mama husimamishwa mbele ya watu, mtoto mgongoni, furushi mkononi, bango la watoaji nyuma yake, na picha ile huzunguka katika simu za watu asiowajua. Katika Sura ya al-Bakara Mwenyezi Mungu ameikubali sadaka ya dhahiri na akaifadhilisha ya siri iwafikiayo mafakiri. Na katika sura hiyo hiyo ametuonya kuwa masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Wako wasemao kwamba bila picha watu hawataamini, wala hawatatoa tena. Hoja hii ina uzito, kwani amana yataka hesabu. Walakini hesabu ya mali hutolewa kwa daftari na risiti, haitolewi kwa uso wa maskini. Atakaye picha na ayapige mafurushi.

Mfanyabiashara mmoja ameuliza kama aweza kutoa nepi za dukani mwake kuwa ndiyo zaka yake ya mwaka. Kwa kauli yenye kutegemewa katika madhehebu yetu, zaka ya biashara hutolewa fedha, si bidhaa. Nepi na azitoe sadaka, na zaka aipeleke mahali pake.

Mwingine asema watu wengi wa Bumula ni Wakristo. Ni kweli, na zaka hawapewi. Lakini sadaka ya hiari yafaa kupewa asiye Mwislamu. Sura ya al-Insan imewasifu wamlishao mateka, na mateka wa zama zile hawakuwa Waislamu. Tena mtoto mchanga, kwa itikadi yetu, huzaliwa juu ya maumbile ya Kiislamu, awe wa nani. Wala mama asialikwe kwenye mawaidha kwa sababu ya furushi. Tuliwalaumu wamisionari kwa mtindo huo, haifai tuurithi.

Limebaki suala la nepi gani. Za kutupwa zina plastiki isiyooza upesi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, ila nepi hazikuguswa. Na pasipo gari la taka huishia chooni au mferejini. Za kitambaa hufuliwa zikatumika tena, hata na mtoto wa pili. Lakini kufua kwataka maji, na mchotaji ni mama yule yule, na wakati wa mvua nguo hazikauki. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alikuwa akiwapa posho watoto walioachishwa ziwa tu, mpaka usiku mmoja akasikia kilio cha mtoto aliyekuwa akiachishwa kabla ya wakati ili apate posho hiyo. Akabadili amri, posho ikawa ni tangu kuzaliwa. Sharti la mtoaji lilikuwa likimliza mpokeaji, na mtoaji hana habari.

Kwa hiyo tumewaomba kina mama wa huko huko waulizane wao kwa wao, na jawabu lao ndilo litakalofuatwa. Kwa watakaotangulia kuleta: vitambaa vya pamba, pini, sabuni ya kipande na beseni vyapokewa. Vitambaa vilivyochakaa, ambavyo mtu hangemvisha mwanawe, na abaki navyo. Nepi za kutupwa ziwe katika pakiti isiyofunguliwa, na zisiwe zote za watoto wa siku saba. Watu hupenda kununua hizo kwa kuwa ni ndogo na zapendeza, ilhali mtoto huzipita kwa majuma machache.