Nani Analipia Kubahatisha?

Kuna sentensi moja ambayo ni nadra kuisikia kwa fundi wa pikipiki: "Bado sijajua shida ni nini." Utaambiwa hiyo ni betri, utaambiwa hiyo ni regyuleta, na yote hayo kabla hata kiti hakijafunguliwa. Sasa nauliza: fundi akibahatisha, mteja akalipa, je, huo si wizi?

Najua wengine mtacheka. Wizi ni neno zito, na fundi hajatia mkono mfukoni mwa mtu. Lakini hebu tufuate pesa.

Chukua nduthi ya miaka kumi hivi, ya mtu wa boda. Waya zake zimepitia mikono mingi: huyu aliongeza redio, yule akafunga taa za mapambo, kila kiungo kimezungushiwa tepu, na mvua imenyesha juu ya hayo yote. Asubuhi moja stata inazunguka kwa uchovu, taa imefifia, honi inakohoa. "Boss, betri imekufa, leta mpya." Boss anaenda Kirinyaga Road, ananunua, nduthi inawaka kama jana ilitoka dukani. Fundi ni bingwa. Siku tatu baadaye, kimya.

Stima ina mtego wake hapo. Betri mpya ikishachajiwa, hata kama pikipiki haiichaji kabisa, itasukuma mambo kwa muda. Kwa hivyo jibu la uongo linaonekana la kweli, na linalipiwa kama la kweli. Inafuata regyuleta mpya. Bado. Mwishowe mtu anapata subira ya kufuata waya zinazotoka kwenye injini, anakuta plagi moja imeungua, pini zimelegea na kuota kutu. Anazisugua na msasa, anazikaza, basi. Stima ilikuwa inatengenezwa vizuri siku zote. Ilikosa njia ya kupita.

Na kulijua hilo mapema hakukuhitaji uchawi. Mita ya kawaida inatosha. Injini ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Washa injini, vuta mafuta kidogo: namba inafaa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikikataa kupanda, ikae 12 na kuzidi kushuka, basi betri inanyimwa chakula, na kuleta nyingine ni kuongeza mwenye njaa mezani. Ni kazi ya dakika tano.

Kubadilisha kifaa bila kupima ni kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Betri inashtakiwa kwanza kwa sababu ndiyo iliyoonekana ikianguka. Lakini kwenye stima, panapoonekana dalili mara nyingi sipo palipo na chanzo.

Fundi naye ana utetezi, na si mdogo. Akikaa nusu saa akifuata waya na mita, kisha aseme, "Ilikuwa plagi tu, nimeisafisha," mteja atamkazia macho: "Sasa hiyo ni pesa ya nini, na hujabadilisha kitu?" Spea hutoka kwenye boksi, unaishika, unaona pesa yako imeenda wapi. Kujua hakushikiki. Fundi ana kodi ya nyumba kama wewe, na sisi wenyewe tumemfunza kwamba kubahatisha kunalipa kuliko kupima.

Kwa hivyo neno wizi nalilegeza, ila silifuti. Kukisia si dhambi. Kila uchunguzi huanza na kisio. Uliza tu nani anabeba gharama fundi akikosea. Kisio likijaribiwa kwa mita, hakuna anayeumia. Likijaribiwa kwa mfuko wa mtu ambaye bado analipia mkopo wa nduthi hiyo hiyo, na siku ikimpita bila abiria hata mmoja, basi alipaswa angalau kuambiwa kwamba ni kisio. Akifichwa hilo, amechukuliwa chake.

Dawa iko pande mbili. Fundi aseme, "Nadhani ni betri, lakini wacha tupime kwanza." Hakuna heshima inayopotea hapo. Na mteja ajifunze swali moja fupi, "Umejuaje?", halafu akipewa jibu la maana, atoe pesa bila kununa, hata kama hakuna boksi jipya la kuonyesha watu steji. Wakimuuliza amelipia nini, awaambie ukweli: amelipia betri ambayo hakuinunua.