Mwanangu, Macho Hayatoshi

Mwanangu, nasikia umepata mtungi wa haidrojeni na unataka kuchomelea bati jembamba la aluminiamu humo humo kwenye gereji ya nyumbani. Keti kwanza, kabla hujagusa valvu.

Najua kwa nini umeichagua haidrojeni. Mwali wake ni mpole kuliko wa asetilini, hautoboi bati upesi. Lakini upole huo usikulaze.

Gesi ya jikoni ikivuja pua hukuambia, maana imetiwa harufu makusudi. Haidrojeni haikuambii kitu. Ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda ikajikusanya darini. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, na cheche ya swichi ya taa inatosha. Paa lililozibwa halimjui mwenye nyumba.

Nakusihi, acha milango wazi, na uache tundu la hewa juu kabisa ya ukuta. Paka povu la sabuni kila kiungo. Grisi isisogee karibu na mtungi wa pili, wa oksijeni inayoungua na haidrojeni. Mipira yote miwili ya gesi iwe na kizuizi ili moto usirudi mtungini; bila hicho, usiwashe.

Mwali wenyewe, mchana, karibu hauonekani. Nimemwona kijana akinyoosha mkono kuchukua koleo, akaupitisha mbele ya tochi ya kuchomelea aliyodhani imezimika. Glavu ilianza kufuka ndipo akashtuka. Ngozi ya kidole gumba ilibaki ndani ya glavu.

Na bati nalo lina hila. Chuma hukuonya kwa kuwa chekundu. Aluminiamu haibadiliki rangi. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ila utando wa oksaidi ulioifunika hustahimili hadi zaidi ya 2,000. Juu unaona pagumu, kumbe chini ni uji. Ukizidisha moto kidogo tu, bati linakudondokea miguuni. Vaa viatu vya ngozi, mwanangu, si ndala. Mwenye haraka huchomelea vidole vyake.

Usiinamie moshi wa flaksi, ile dawa ya kuondoa utando wa oksaidi; una floridi, unachoma kifua. Nakusihi tena, usiinamie.

Ukimaliza, funga mitungi kwanza, ndipo uvue glavu. Kisha sugua flaksi yote kwa brashi na maji ya moto, kila kona, maana ikibaki itaila aluminiamu polepole hadi kiungo kiachie.